Geuza Kwanza

Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Jina hilo liko kwenye kitambulisho, kitambulisho kiko kwenye mkoba, na mkoba unaning'inia nyuma ya mlango. Watu wanamwita Mama Geuza, na kosa ni lake mwenyewe. Mpelekee suruali iliyochanika goti, goti hataliangalia. Atakwambia, "Geuza kwanza," na ukizubaa ataigeuza yeye, palepale mbele za watu, mifuko itokeze nje na karatasi zako za peremende zimwagike sakafuni. Wateja wageni huona aibu. Wale wa zamani wameshamzoea, nguo zao huzigeuza huko huko nyumbani kabla hawajatoka.

Chumba chake cha kazi kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, katikati ya fundi viatu na duka la kutolea fotokopi. Dari limeshuka upande mmoja, kwa hiyo upande huo hushona amekaa, na upande wa pili hupiga pasi amesimama. Ana vyerehani viwili: kimoja cha miguu, anachokiamini, na kimoja cha umeme, alichopewa zawadi na binti yake, ambacho hukifunika shuka kisipate vumbi wala kisipate kazi. Binti huyo anauza kwenye duka la dawa, na akipita jioni humtania kwamba umeme haung'ati. Mama Geuza humjibu kwamba miguu yake haijawahi kukatika katikati ya mshono.

Tabia ya kugeuza hakuzaliwa nayo. Alipomaliza shule alipelekwa kwa shangazi yake akajifunze ushonaji, akaenda na ndoto zake kichwani: wiki ya kwanza sketi, wiki ya pili gauni, mwezi wa tatu awe anawashonea maharusi. Shangazi akampa kigoda, wembe na rundo la nguo kuukuu, akamwambia afumue. Alifumua wiki. Akafumua mwezi. Jamani, alifumua mwaka mzima! Na kila nguo aliyoimaliza, shangazi alikuja na maswali yake: aliyeshona hii ana mkono mzito au mwepesi? Alikuwa na haraka? Aliyeivaa alikuwa akibebea mzigo bega lipi? Akikosea anarudishiwa nguo aiangalie upya, tena upande wa ndani, maana shangazi alisema upande wa nje ni wa kuonyesha wageni.

Kwao alipeleka malalamiko kwamba amefanywa punda wa kufumua. Mwaka ulipokwisha ndipo akaruhusiwa kukalia cherehani, na kwa miaka mingi baadaye aliisimulia habari ile kwa uchungu, kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Shangazi alifariki bila kusikia asante yake kwa ajili ya mwaka ule. Kwa mengine alimshukuru, tena vizuri. Kwa mwaka ule, hapana.

Sasa, wasanii walimjia kwa sababu ya ukaribu tu. Mtaa wa pili kulikuwa na ghala la matairi. Matairi yakaondoka, kuta zikapakwa rangi nyeupe, pakawa ukumbi wa maonyesho. Fundi viatu alikuwa wa kwanza kwenda kuchungulia, akarudi akisema ameona kiti kimetundikwa ukutani na watu wazima wanakitazama huku wameshika kidevu. Walicheka naye siku nzima. Lakini wasanii nao wana nguo za kupunguza na zipu za kubadilisha, na muda si muda wakaanza kumletea hata kazi za ukumbini: mifuko, mapindo, vitambaa vya kufunika hiki na kile.

Mwaka huo walikuwa wanaandaa maonyesho waliyoyapa jina "Wewe ni wa Nani?", lile swali ambalo kila mtoto huulizwa na wakubwa njiani. Kila msanii alitakiwa kulijibu kwa kazi ya mikono yake, akumbuke alikotoka. Mmoja alikuza picha zake zote za pasipoti, tangu akiwa mwanafunzi mwenye masikio makubwa hadi mvi za juzi, akazipanga ukuta mzima. Mwingine alikusanya redio mbovu, akazitia sauti za akina mama wakiita watoto wao warudi nyumbani. Juu ya wote alikuwepo msimamizi wa maonyesho, mwanamume wa miwani iliyokaa kwenye paji la uso na penseli sikioni, ambaye kazi yake kubwa, kwa jinsi Mama Geuza alivyoona, ilikuwa kusahihisha maelezo yaliyobandikwa ukutani. Koma ikikaa pasipo pake, mtu huyo alikosa raha.

Na alikuwepo binti mmoja, umri wa binti yake Mama Geuza hivi, nywele amezikata karibu na ngozi, mpole, haongei zaidi ya anachohitaji. Huyu alikuja na pazia la zamani na agizo fupi: "Fundi, nishonee upindo mpana juu, ipite fimbo. Hicho tu."

Mama Geuza akaligeuza. Akaona matundu. Akahesabu, kumi na moja, mengine yana kingo zilizoungua. Roho ikamuuma. Akajisemea, mtoto wa watu ana pazia hili moja, ameshindwa hata kusema litiwe viraka. Basi alitafuta kitambaa kinachokaribiana rangi, akakata viraka kumi na moja, akavishona kwa mkono, alasiri nzima, mshono mdogo mdogo usioonekana. Kwa mapenzi yake tu. Upindo nao akautia.

Binti alipokuja kuchukua, alilikunjua pazia, akalitazama upande huu na upande ule, akauliza taratibu: "Matundu yako wapi?"

Mama Geuza akamwambia kwa furaha kwamba ameyaziba yote. Binti akakaa kwenye benchi la wateja. Kumbe matundu ndiyo yalikuwa kazi yenyewe. Binti alilelewa na bibi yake mzaa mama, na bibi alipofariki yeye alikuwa na miaka saba. Baada ya hapo alihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, kwa ndugu wa mbali, kwa marafiki wa ndugu, kwa watu waliosikia tu, nyumba kumi na moja mpaka akawa mtu mzima. Kila tundu ni nyumba. Wiki mbili alikaa akipanga lipi likae wapi, na Mama Geuza amezifuta nyumba zote kwa alasiri moja.

Uso ulimshuka fundi, hakujua aushike wapi. Na binti akaanza kucheka. Alicheka mpaka akainama, akashika mbavu, na Mama Geuza akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili. Msimamizi alipopata habari hakucheka. Fundi viatu alizipeleka habari mtaa mzima: Mama Geuza kaiziba sanaa. Viraka vyote kumi na moja alivifumua mwenyewe, na siku ya kulikabidhi pazia akamwahidi binti kwa kinywa chake: kuanzia leo kazi yako nitaifanya ulivyoagiza, siongezi wala sipunguzi.

Ahadi ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba wiki tatu baadaye, Jumatatu, maonyesho yakitarajiwa kufunguliwa Jumamosi, binti alikuja na gauni.

Lilikuwa gauni la kahawia lenye nukta nyeupe, kola ya duara, vifungo sita vya mti mbele. Alikuwa amelipata majuzi kutoka kwa mdogo wake bibi, kikongwe aliyebaki na sanduku la marehemu dada yake miaka yote hiyo. Binti alitaka likatwe kwa urefu vipande kumi vilivyo sawa, kila kipande kitiwe upindo, vitundikwe kwenye misumari kumi. Mama Geuza akajikuta ameuliza kwa nini kumi, kisha akauma ulimi.

"Mwenye gauni alikaa na mimi siku kumi," binti alijibu. "Alinizaa, siku ya kumi akaondoka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, inaitwa 'Siku Kumi'."

Alisema "mwenye gauni" kama anayemtaja mtu aliyesahau mwavuli kwenye basi. Mama Geuza alimtazama, akatamani kusema neno, akakumbuka ahadi. Wakakubaliana Jumatano asubuhi.

Jumanne alianza kazi mapema. Na kwa mara ya kwanza tangu aachane na kigoda cha shangazi, hakugeuza. Alisema moyoni kwamba kugeuza ndiko kulikomponza kwenye pazia. Safari hii nguo itakatwa ilivyo, upande wake wa nje, na yeye atatunza heshima yake. Akalitandaza gauni mezani, akapiga mistari ya chaki, akashika mkasi mkubwa, akaingiza kwenye upindo wa chini. Ulikwenda urefu wa kidole. Upindo ukafunguka, ukajikunja wenyewe, na upande wa ndani akaona kitu: kwenye mshono wa ubavuni, nje kidogo ya mshono uliopo, ulipita mstari wa vitundu vya sindano ya zamani. Mkasi ukasimama.

Alijiambia si kazi yake. Akanywa maji. Akapanga makasha ya uzi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Kisha akasema potelea mbali, akaligeuza.

Gauni lilikuwa limeachiwa ubavuni lipate upana, mara ya kwanza kidogo na mara ya pili mpaka ziada yote ya kitambaa ikaisha. Hiyo ni mimba, hata fundi wa jana anaijua. Lakini chini ya kifua, kulia na kushoto, mshono ulikuwa umefumuliwa kwa urefu wa kiganja, ukawekewa vishikizo vya kubana vya chuma. Hiyo haikuwa kazi ya fundi. Ilikuwa kazi ya mkono wa mtu asiyejua kushona, mishono mirefu mifupi, fundo juu ya fundo, lakini mtu mwenye bidii. Mlango wa kunyonyeshea, kulia na kushoto. Na vishikizo vilikuwa vimeshonwa upya kila vilipolegea: uzi mweupe chini, wa buluu juu yake, juu ya buluu mweusi. Mtu hachoshi uzi namna tatu kwa siku kumi. Kisha ubavuni gauni likapunguzwa tena, taratibu, mwili ukirudi. Mshono ule wa mimba ndio uliouacha mstari wa vitundu aliouona kwanza.

Akapandisha mkono mpaka kwenye kola. Kifungo cha juu kabisa, kile kinachokaa chini ya koo, kilikwaruza kidole. Akakipeleka dirishani. Vile vitano vya chini vilikuwa laini. Cha juu kilikuwa na alama ndogo ndogo, mbili upande wa chini, mbili upande wa juu, zimeingia kwenye mti, nyingine zimepandana. Amelea watoto, hakuhitaji kuambiwa. Hayo yalikuwa meno ya mtoto aliyepakatwa kifuani, anayetafuna kilicho karibu.

Mama Geuza akakaa chini. Mtoto wa siku kumi hana meno.

Sasa angalia mtihani aliokuwa nao. Akikata, kila mlango wa kunyonyeshea utagawanyika vipande viwili, kifungo kitaishia kwenye kopo la vifungo, na Jumamosi binti atasimama mbele ya watu aseme mama yake alimvumilia siku kumi tu. Ataamini hivyo mpaka kufa kwake, na hapatakuwa na kitu duniani cha kumwambia vinginevyo. Asipokata, amevunja ahadi mara ya pili, na safari hii hakuna atakayecheka. Alipiga simu mara tatu, haikupokelewa. Akafunga chumba saa sita mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya, hata fundi viatu akatoa kichwa nje kuuliza nani amefariki. Akaliweka gauni kwenye mfuko, akaondoka bila hata kuvua kitambaa chenye sindano alichofunga mkononi.

Ukumbini walikuwa kwenye heka heka, ngazi huku, nyaya kule. Binti alikuwa anagongomea msumari wa nane. Alipomwona tu, alishuka.

"Umeshakata?"

Mama Geuza akasema amekata kidogo. Msimamizi, aliyekuwa karibu na karatasi zake, alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso na kuuliza kama fundi ameziba tena kitu. Mama Geuza alisogeza makopo ya rangi, akalitandaza gauni juu ya meza upande wa ndani, akaanza kuonyesha: hapa liliachiwa, na hapa, huu ni mlango wa kunyonyeshea, na huu, huu uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Binti alisikiliza mikono ameifunga kifuani, na uso wake ulizidi kuwa mgumu kadiri maelezo yalivyoendelea.

"Fundi, bibi yangu hakuwa mwongo," alisema.

Hapo Mama Geuza akaelewa amegusa nini. Katika maisha yote ya binti huyu, bibi ndiye mtu mmoja aliyempenda bila masharti, miaka saba, na sasa fundi cherehani wa chini ya ngazi anakuja na gauni kumwambia bibi alimdanganya. Akamjibu kwa upole kwamba hamsemi bibi yake, hakumjua. Anachokijua yeye ni nguo. Wala nguo haijui kwa nini mwenye nguo aliondoka. Inajua tu muda aliokaa. Akamshika mkono, akakiweka kidole gumba chake juu ya kifungo.

Binti akapapasa. Akapapasa tena. Hakuuliza ni nini. Kidole chenyewe kilimwambia.

Kisha Mama Geuza akamwomba jambo moja: aseme alivyoambiwa na bibi, maneno ya bibi mwenyewe, siyo yake. Binti akasema aliambiwa mara moja tu, akiwa na miaka sita. Bibi alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku, yeye akauliza mama yuko wapi, bibi akajibu neno moja na kugeukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Hakuuliza tena maisha yake yote. Akafumba macho ili akumbuke vizuri, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nzito, ya mtu mzima.

"Mama yako alikuacha ukiingia wa kumi."

Msimamizi aliacha kuandika. Akamwomba arudie, naye akarudia vilevile, macho bado ameyafumba.

"Wa kumi," alisema msimamizi polepole. Mtu wa koma na nukta, lakini wakati huo aliongea kama anayeshika yai. "Siku ni ya kumi. Siku ya kumi. Wa kumi ni mwezi."

Mnaona ilivyokuwa. Wanawake wa zamani wanapohesabu umri wa mtoto mchanga hawana haja ya kutaja mwezi: huyu ameingia wa nne, yule anamaliza wa saba. Kila mtu mzima anaelewa. Mtoto wa miaka sita alisikia kumi, akatia siku mwenyewe, na kwa kuwa hakumuuliza mtu, hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Akazibeba siku zake kumi nyumba kumi na moja, mpaka akazikuta zimekuwa kweli.

Binti alifumbua macho. Alilikunja gauni vivyo hivyo lilivyogeuzwa, akaingia nalo kwenye chumba cha stoo, akafunga mlango. Msimamizi alimwambia Mama Geuza ni vizuri aende tu, na hakumwambia kwa ukali.

Jumatano haikuleta habari, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Mama Geuza alishona huku akili haipo. Alitia zipu ya suruali upande usio wake, akalazimika kuitoa. Binti yake alimwambia amefanya vizuri, kisha baada ya kufikiri akamwambia labda angesubiri maonyesho yaishe, maneno ambayo hayakumsaidia hata kidogo. Alijiuliza kama mtu ana haki ya kumnyang'anya mwenzake hadithi aliyoishi nayo, hata ikiwa chungu. Aliona kwamba hajui.

Lakini jambo jingine lilimjia, Ijumaa hiyo, akiwa amekaa kwenye upande wa dari la chini. Alikuwa anafumua ile zipu, wembe ukipita kwenye uzi bila kugusa kitambaa, na akaona mikono yake inavyojua. Haikujifunza ujuzi huo kwenye cherehani. Aliupata kwenye kigoda, kwenye ule mwaka alioulaani miaka yote. Bila mwaka ule, Jumanne angekata gauni vipande kumi, akatia mapindo mazuri, akasifiwa. Wembe ukamponyoka. "Asante, shangazi," alisema kwa sauti, kwenye chumba kitupu, na machozi yakamtoka kwelikweli, kama kwamba msiba ulikuwa wa jana. Fundi viatu aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta anaongea na nani. Akamwambia afunge viatu vyake na mdomo wake.

Jumamosi alasiri alivaa nguo yake ya heshima, akaenda, binti yake akimsukuma mgongoni kwa maneno hatua kwa hatua. Watu walikuwa wengi. Walipita kwenye picha za pasipoti, wakacheka masikio. Wakasimama kwenye redio, na sauti ya mama fulani aliyechoka ikaita mtoto arudi kuoga, watu wazima watatu wakageuka. Pazia lilikuwepo na matundu yake kumi na moja, upande wa pili taa, nyumba zote zimewaka.

Ukuta wa mwisho misumari ilikuwa imeng'olewa. Gauni lilining'inia katikati ya chumba kwa uzi mmoja, zima, ndani nje, ili watu walizunguke. Vishikizo vilionekana, nyuzi tatu zilionekana, na ule mkato wa urefu wa kidole kwenye upindo ulikuwepo pia, haujatiwa hata mshono. Vidole vya Mama Geuza viliwasha. Akaviweka nyuma ya mgongo, akavishika.

Maelezo ukutani yalikuwa mafupi, koma zote mahali pake. Jina la kazi: "Wa Kumi". Chini yake: gauni la mama wa msanii. Chini yake tena, kwa herufi zilezile, wala si ndogo zaidi: limesomwa na Mama Geuza, fundi cherehani. Aliyasoma mara mbili. Tangu aanze kazi hii ameshona nguo ambazo hawezi kuzihesabu, na hakuna iliyowahi kuandikwa jina lake popote. Binti yake alimbana mkono, akaacha utani kabisa.

Msanii aliwaona, akaja. Macho yalikuwa yamevimba, lakini uso ulikuwa umelegea, uso ambao Mama Geuza hakuwahi kumwona nao, hata siku ile ya kucheka. Alimshika mikono yote miwili na kumweleza kwa haraka, kama anayeogopa kukatizwa. Siku ileile ya Jumanne, huko huko stoo, alimpigia simu mdogo wake bibi, akauliza swali aliloliacha akiwa na miaka sita: kwa nini mama aliniacha? Kikongwe hakumwelewa. Akamuuliza, kukuacha kwa miguu? Mama yake alishikwa na homa Alhamisi. Jumapili walikuwa wamemzika. Gauni lile lilikuwa mwilini mwake alipopelekwa hospitali. Bibi hakuweza kutamka kwamba mwanawe amekufa, hakuweza kabisa, akasema alikuacha, kama watu wazima wasemavyo juu ya marehemu, akaamini mjukuu ameelewa.

"Nimemnunia maiti miaka yote hii," alisema binti. "Asante kwa kutokata."

Mama Geuza akamwambia yeye pia ana wake wa kushukuru, na kwamba habari hiyo ni ndefu, atamsimulia siku akija chini ya ngazi. Wakasimama bega kwa bega, watu wakilizunguka gauni, wakiinama kutazama kifungo. Binti alilitazama muda mrefu, akipima kwa macho, kama watu wanavyofanya wakiwa dukani.

"Mama alikuwa amenizidi mwili, eh?" aliuliza.

Alilisema neno hilo, mama, hivi hivi, kwa kawaida tu, na Mama Geuza alilisikia likipita. Akaweka viganja vyake juu ya mabega ya binti, akapima kutoka ncha hadi ncha, kisha akapima kwa macho lile gauni linaloning'inia, ingawa alishalipima Jumanne na jibu alikuwa nalo.

"Kiunoni tu," akamwambia. "Mabega ni haya haya."